Vikao vinane kwa mnasihi: nilifuata ushauri, nikapewa daftari

Nianze na malalamiko, maana ndiyo niliyotoka nayo siku ya kwanza. Nimelipa shilingi 50,000, nimekaa dakika 50 kwenye chumba cha ghorofa ya pili hapa Sinza, na sikupewa ushauri hata mmoja. Nikampigia mke wangu nikiwa kituoni: "Huyu dada anauliza tu."

Kilichonipeleka ni usingizi. Mama alifariki Februari, na msibani mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Nilihesabu michango, nikalipia turubai na viti, nikapokea pole za watu. Kulia sikulia. Miezi saba baadaye nikawa naamka saa tisa usiku, naikodolea macho neti mpaka adhana. Ofisini waliniambia nijikaze.

Mnasihi alianza kwa kuuliza aniite nani. Nikasema, "Baba Neema." Akaandika, kisha akauliza, "Na mama alikuwa anakuitaje?" Nikafungua mdomo, jina likagoma kutoka. Hakunipa kitambaa wala hakusema pole. Alikaa tu. Nikasikia feni, nikasikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake huko barabarani. Kimya kile kilinikera sana; siku hizi naona ile 50,000 nalipia hicho hasa.

Kabla sijaondoka nilijaza fomu ya maswali tisa ya kupima dalili za sonona, inayoitwa PHQ-9: ndani ya wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umekosa usingizi, umekosa hamu ya mambo, umejiona hufai, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. Nikapata 17 kati ya 27. Hakukimbilia kunibandika jina la ugonjwa. Alilirudia kwa mdomo swali la tisa, lile la mawazo ya kujidhuru, akinitazama usoni, akaniambia wazi kuwa yakija atamhusisha daktari wa akili siku hiyohiyo, na kwamba yeye haandiki dawa.

Halafu daftari. La shule, la mistari, limepigwa safu tatu: kilichotokea, wazo lililokuja, ushahidi. Ukurasa wangu wa kwanza uliandikwa saa tisa na nusu usiku: "Nimeamka. Ningempeleka hospitali usiku ule, mama angepona." Safu ya tatu niliiacha tupu.

"Kaka, tuijaze kimahakama," alisema. "Upande wa mashtaka una nini?"

Nikataja: mimi ndiye niliyesema tusubiri kuche.

"Na utetezi?"

Utetezi ulikula vikao viwili. Kwamba mama alikunywa uji jioni ile, alitaniana na wajukuu, na mwenyewe alikataa kutoka, hakutaka kusumbua watu usiku. Haya yote nilikuwa nayajua, ila sikuwahi kuyaona yameandikwa kwa mkono wangu. Nilipouliza utaratibu huu kautoa wapi, akasema ni tiba ya utambuzi na tabia, iliyoasisiwa na Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960. Hiyo ya mahakama, akaongeza, huitumia kwa wabishi.

Mabaya yake? Dakika zikiisha zimeisha, hata kama ndo kwanza machozi yameanza. Ilinitokea kikao cha nne, nikashuka ngazi najifuta kwa shati. Ukuta ni mwembamba, na saluni ya jirani haipunguzi muziki. Bima yangu hailipi. Na usitegemee kuchati naye: nilimwandikia ujumbe mrefu saa sita usiku, akajibu kesho yake saa tatu asubuhi, "Nimeusoma. Tuuongelee Jumamosi." Nilinuna. Jumamosi tukauongelea.

Anayetaka kuambiwa afanye nini ataudhika. Kwa shangazi yangu, kwa mfano, nisingempendekeza. Angemaliza kikao kizima akimshauri yeye.

Fomu ya juzi imesoma 8. Saa tisa bado naamka, labda mara mbili kwa wiki, na mara nyingi nalala tena kabla ya adhana. Ukienda, beba daftari lako, la kwake anakuuzia elfu moja.