Mama alinyimwa viza ya Uingereza, mara ya pili akapata: uzoefu wangu

Mama yangu ana miaka 71. Anaishi kijijini Muheza, Tanga, na tangu nipate akili namjua kwa kazi moja, shamba la machungwa. Mimi niko Reading, Uingereza. Septemba 2024 nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikataka Mama aje kunilea uzazi kama alivyowalea dada zangu wawili. Akanyimwa viza. Nikajifungua Novemba, arobaini ikaisha, mtoto akaanza kutambaa, na bibi yake bado anamwona kwenye simu tu. Septemba 2025 tukaomba tena, akapewa. Naandika kwa sababu nilipokuwa nahangaika kila niliyemuuliza aliniambia, "Omba tena tu, viza ni bahati." Kwetu haikuwa bahati. Makosa yalikuwepo, na yalirekebishika.

Mara ya kwanza kila kitu nilimwachia wakala mmoja wa Dar es Salaam. Alituchaji shilingi 600,000, mbali na ada ya viza ambayo wakati ule ilikuwa pauni 115. Akajaza fomu, akapanga miadi, kisha akasema akaunti ya Mama "haina uzito", tuiongezee. Nikatuma milioni nne na nusu. Zikaingia wiki mbili kabla ya maombi.

Barua ya kunyimwa ilianza na hizo hizo hela. Afisa aliandika kwamba zimeingia kwa mkupuo, hazifanani na kipato kilichotajwa kwenye fomu, na hakuna maelezo zimetoka wapi. Kwa hiyo hakuridhika kwamba hali ya maisha ya mwombaji ndiyo aliyoieleza, wala kwamba atarudi kwao muda ukiisha. Nililia sana siku ile. Mama ndiye aliyenibembeleza: "Nyamaza mama, usije ukashikwa na uchungu kabla ya siku zake." Lakini nilipoisoma tena kwa utulivu nikaona afisa hakudanganya popote. Alisoma makaratasi tuliyompa, na makaratasi yale hayakumwonyesha mama yangu hata kidogo.

Kukata rufaa si rahisi. Wageni wa familia walikuwa na haki kamili ya rufaa zamani, ikaondolewa mwaka 2013, na ada hairudishwi. Kilichobaki ni kuomba upya. Kabla ya hapo nilitaka kujua wakala alijaza nini. Simu zangu akawa hapokei. Nikagundua kwamba sheria ya Uingereza inampa mtu haki ya kuomba bure nakala ya taarifa zake zinazoshikwa na ofisi, ikiwemo ile ya viza. Mama akatia sahihi kwamba nimwombee, faili likaja. Kama ndugu yako amekataliwa na fomu ilijazwa na mtu mwingine, anza na hatua hii. Ndiyo iliyotufungua macho.

Kwenye sababu ya safari wakala alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba Mama anakuja kutunza mtoto. Sisi tunaelewa maana ya kulea uzazi: mama anamkanda mwanawe, anampikia uji wa pilipili manga, anakaa naye mpaka arobaini. Ukiliweka vile kwa Kiingereza bila maelezo, msomaji anaona yaya. Na mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Penye swali la nchi alizotembelea miaka kumi iliyopita, wakala alijaza kwamba hajatoka nje ya Tanzania. Mama ni Hajjat! Alikwenda Makka mwaka 2017, akarudi na kundi lake kwa tarehe iliyopangwa. Pasipoti aliyoitumia ni ile ya zamani, kabla ya hizi za kielektroniki zilizoanza 2018, na wakala hakuiulizia. Kaka aliikuta sandukuni imeviringishwa kwenye kanga, na viza ya Saudia imo. Ushahidi kwamba mama huyu akisafiri hurudi ulikuwa mvunguni mwa kitanda muda wote.

Mara ya pili nilijaza mwenyewe, usiku mtoto akishalala. Akaunti ya Mama niliiacha ilivyo, na shilingi zake milioni moja na kidogo. Kanuni zinaruhusu mwenyeji kubeba gharama, kwa hiyo nikaandika wazi kwamba nauli, chakula na malazi ni juu yangu, nikaweka hati zangu za mshahara, taarifa ya benki ya miezi sita na mkataba wa nyumba. Zile milioni nne na nusu nazo nikazieleza: nilizituma mimi, kwa sababu hii, na risiti ya kuzituma hii hapa.

Kazi kubwa ilikuwa kuonyesha maisha ya mtu asiye na mwajiri. Mama ana hatimiliki ya kimila ya shamba. Ana daftari la shule, lile la kurasa 96, ambalo humo ameandika kwa penseli kila gari lililobeba machungwa yake: tarehe, idadi ya magunia, jina la mnunuzi, na alama ya vema pembeni akishalipwa. Tuliliskani lote, tukaambatanisha na taarifa ya miamala ya simu, maana wanunuzi wengi humlipa kwa simu. Tarehe zikaoana. Mtendaji wa kijiji akaandika barua kwamba anamfahamu, shamba ni lake, na ndiye mweka hazina wa kikoba chao. Vyote vya Kiswahili vilitafsiriwa, na mtafsiri akaweka jina, tarehe, sahihi, mawasiliano, na kauli kwamba tafsiri ni sahihi. Usipitie njia ya mkato hapo.

Swali la kama amewahi kunyimwa viza tulijibu ndiyo, tukaeleza. Kuna watu watakushauri ufiche. Ukibainika umedanganya unaweza kufungiwa miaka kumi, na kwa mzazi wa miaka 71 hiyo ni kumfungia moja kwa moja.

Ada ilikuwa imepanda hadi pauni 127. Kituo cha maombi Dar es Salaam nakisifu kwa dhati. Vidole vya Mama vimelika kwa jembe, mashine ikavikataa mara tatu. Mama anasema binti wa pale alileta kitambaa chenye maji, akamfuta kidole kimoja kimoja, kisha akamshika mkono na kuukandamiza taratibu juu ya kioo, huku akimwambia, "Usiwe na wasiwasi bibi, vitasoma." Vikasoma.

Majibu yakaja kabla ya wiki tatu, viza ya miezi sita. Mama tukamkatia bima ya safari kwa sababu ana presha, na mgeni akilazwa hospitali huku anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama.

Tuliandika wiki sita, akakaa wiki sita, ingawa viza ilimruhusu zaidi. Alimkuta mjukuu anasimama kwa kushika makochi, akamwacha anatembea. Uingereza hawagongi muhuri mtu akiondoka, kwa hiyo nilimwomba atunze pasi ya kupandia ndege. Alipotua Dar es Salaam kaka aliipiga picha pamoja na muhuri wa kuingia nchini, akanitumia palepale uwanjani. Nimeziweka kwenye faili la maombi yajayo, nyuma ya daftari la machungwa.