Napekua programu kwa apt bila kumaliza mega: uzoefu wangu, Bukavu

Nina kibanda cha kuchapa na fotokopi pale Nyawera, mashini mbili, zote zinatumia Debian 12, mfumo wa Linux. Mega za intaneti nanunua kwa mfuko wangu, kwa hiyo siwezi kuvuta programu kwa kubahatisha kisha niifute. Karibu mwaka sasa nasoma kwanza maelezo yake kwa apt, amri ya Debian ya kutafuta na kuweka programu, kwenye kile kidirisha cheusi ambacho wateja wanadhani ni cha wadukuzi.

Kilichonishika ni kwamba kusoma hakuhitaji mtandao. Mara ya kwanza apt update, inayoleta orodha ya programu, ilivuta karibu mega 15, na maelezo yote yakabaki ndani ya mashini, katika /var/lib/apt/lists. Tangu hapo, hata mtandao ukipotea kutwa nzima, napekua pakiti (ndivyo programu zinavyoitwa humo) zaidi ya 64,000.

Juzi mwanafunzi mmoja aliniletea TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo, sura tano, kila moja PDF yake. "Yaya, nisaidie ziwe faili moja, kesho nadepoze," yaani anaikabidhi chuoni. Nikaandika apt search pdf merge. Zikatoka kadhaa, nikaanza kuzifungua moja moja kwa apt show. Ya kwanza ilidai Java. Mstari wa Depends, unaotaja programu nyingine inazozihitaji, ulinionya mapema, nikaiacha. Nyingine Download-Size yake, yaani mega za kuvuta, ilinifanya nicheke. Ndipo nikakumbuka kwamba apt inatafuta herufi zilezile ulizoandika, haijui kunyambua neno. Nikakata mkia, nikaandika apt search pdf merg, na poppler-utils ikajitokeza. Kichwa chake hakisemi kitu, ni vifaa vya PDF tu, ila karibu na mwisho wa maelezo yumo pdfunite, kazi yake "document merging", ndiyo maana merge haikumpata. Na mbele ya jina pameandikwa installed, yaani imeshawekwa. Kumbe nilikuwa nayo siku zote! Sura tano zikaungana kwa amri moja, bila kutumia hata mega moja.

Kinachochosha ni mafuriko. Ukitafuta pdf peke yake, skrini inakimbia hadi unapoteza mwanzo, na nusu yake ni maktaba za lib hii na lib ile, vipande vya kutumiwa na programu nyingine, zisizomhusu mtu kama mimi. Mimi naongeza | less, inayoonyesha skrini moja moja, nisome polepole, au naweka -n itafute kwenye majina tu. apt-cache search nayo inatoa mstari mmoja kwa kila pakiti, macho yanapumzika.

Lugha ni Kiingereza. Mashini ya pili nimeiweka kwa Kifaransa: maelezo mengine yamegeuka, mengine bado, maana wanaotafsiri ni watu wa kujitolea. Ya Kiswahili sijakutana nayo hata moja.

Mdogo wangu amri zinamchosha, yeye anatumia aptitude, yenye orodha ya kuchagua badala ya amri: anabonyeza alama ya /, anaandika neno, anapiga Enter kusoma. Nilipomwachia kibanda Jumamosi, nilikuta ameshaweka michezo mitatu.