Albamu za Opeth: uanze kununua ipi

Opeth, bendi ya roki nzito (metali) ya Stockholm, Uswidi, wana albamu 14 za studio, kuanzia 1995 hadi 2024, na ukiokota yoyote tu unaweza kurudi nyumbani na muziki usioutarajia. Mikael Åkerfeldt, mwimbaji na mtunzi wao mkuu, ana sauti mbili: ya kunguruma toka kooni, na nyingine laini kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, jiulize kama mngurumo unauweza.

Kama unauweza, au bado hujijui, chukua Blackwater Park ya 2001. Kwangu hiyo ndiyo namba moja, wala sioni ya kuikaribia. Humo sauti zote mbili zinaishi ndani ya wimbo mmoja. Sikiliza wimbo wa kwanza, The Leper Affinity: zaidi ya dakika kumi, magitaa mazito, ngoma zinakimbia, katikati mambo yanatulia, yanapanda tena, na mwishowe kinabaki piano peke yake, taratibu. Steven Wilson wa bendi ya Uingereza, Porcupine Tree, alisaidia kuitayarisha, na mkono wake unasikika jinsi sauti za kuitikia zilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Ukisita, anzia Harvest, ambao hauna mngurumo hata kidogo.

Asiyeutaka mngurumo kabisa achukue Damnation ya 2003: melotroni (kinanda cha zamani kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye kanda), magitaa ya upole na huzuni tupu. Ilirekodiwa kipindi kimoja na Deliverance, pacha wake mzito, zikatolewa mbalimbali. Lipo toleo la 2015 lenye zote mbili pamoja. Ukilipata kwa bei ya haki, usiliache.

Ya tatu ni The Last Will and Testament ya 2024. Mngurumo uliokuwa umewekwa kando katika albamu nne mfululizo umerudi, na Ian Anderson wa bendi ya Jethro Tull anasikika humo. Ni kisa cha familia inayosomewa wosia, kwa hiyo nunua nakala yenye mashairi yaliyochapishwa, la sivyo nusu ya utamu itakupita.

In Cauda Venenum ya 2019 inahitaji macho. Ipo ya Kiswidi na ipo ya Kiingereza. Nunua ya Kiswidi hata kama huelewi neno. Mashairi yaliandikwa kwanza kwa lugha hiyo, na Åkerfeldt anaimba kwa uhuru zaidi. Geuza jalada: wimbo wa kwanza ukiwa Livets trädgård, ndiyo yenyewe.

Heritage ya 2011, walipogeukia roki ya miaka ya 1970, naipenda, ila isiwe ya kwanza. Ghost Reveries ya 2005 ifuate baada ya Blackwater Park. Orchid na Morningrise, albamu zao mbili za mwanzo, ziache mpaka umeshanogewa.

Kwa wanaonunua santuri zilizotumika: Blackwater Park ina takriban dakika 67, hivyo huja kwa sahani mbili. Hakikisha zote zimo kabla hujalipa.