Kozi ya sauti ya Pakistan 1971: tamu, ila ramani iko wapi?

Nimemaliza hii kozi ya kusikiliza kuhusu kuvunjika kwa Pakistan, upande wake wa mashariki ukawa Bangladesh, na niseme tu mapema hela yangu haijaenda bure, ingawa kuna sehemu wamenikera.

Vipindi vya uchaguzi ndo vimebeba kozi nzima. Desemba 1970 Awami League, chama cha Sheikh Mujib wa mashariki, inazoa viti 160 kati ya 162 vya mashariki, na bunge zima linagombewa viti 300, yaani hesabu imeisha, serikali ni yake. Bhutto, kiongozi wa chama kikubwa cha magharibi, ana 81, vyote vya huko, anagoma kwenda bungeni Dhaka, mji mkuu wa mashariki, na anawatishia na wengine wasiende, Jenerali Yahya Khan, mtawala wa kijeshi wa nchi, naye tarehe 1 Machi anaahirisha bunge lililokuwa likae tarehe 3, kisha anatua Dhaka eti mazungumzo huku askari wanaendelea kuletwa kwa ndege wamevaa kiraia. Usiku wa tarehe 25 yeye anapanda ndege kimyakimya anarudi zake, nyuma jeshi linaingia mitaani, chuo kikuu kinapigwa, Mujib anakamatwa. Jamani! Hapo nchi ilishakufa, India ilipoingia vitani Desemba ilikuja kuzika tu.

Upande wa vita pia wamejitahidi, unaelewa vizuri Jenerali Niazi, kamanda wa jeshi la Pakistan kule mashariki, alivyotawanya vikosi mipakani mpaka Dhaka ikabaki nyepesi, na tarehe 16 Desemba anasaini kujisalimisha, mateka kama elfu 93.

Sasa kero. Nchi ilikuwa vipande 2 vilivyoachana kama kilomita 1,600, India katikati, halafu hamweki hata ramani moja kwenye app?? Kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua watu laki kadhaa kule mashariki, serikali ikazubaa, wiki chache tu kabla ya kura, kimepewa sentensi moja. Muziki nao unafunika sauti ya msimuliaji.

Na Bhutto wamemlea mno. Kipindi cha mwisho kinaegemea ripoti ya tume ya Jaji Hamoodur Rahman iliyochunguza kushindwa huko na kuwachana majenerali kwa ulevi na uzembe, sawa, walistahili, lakini tume hiyo aliiunda Bhutto mwenyewe akiwa rais baada ya Yahya na mbona hamsemi?

Nyota 4. Wekeni ramani na kipindi kizima cha kimbunga nitaongeza ya 5.