TAHADHARI: Anauza "seti kamili" ya vifaa vya karavani hapa Texas, anakuita shemeji

Wadau wa Texas na jirani zetu wa Oklahoma, habari za wakati huu. Nimepigwa dola 1,150 na mtu anayeongea Kiswahili kizuri kuliko mimi, na tangazo lake bado liko hewani. Najua wengi wetu wa malori mnanunua karavani za kukokota msimu huu, na huyu bwana anatuwinda sisi hasa.

Mwishoni mwa mwezi wa tano nilichukua karavani mpya, futi 25, ikishajazwa haitakiwi kuzidi pauni 7,000. Ambaye hajawahi kununua ajue kwamba bei ya karavani ni ya karavani tu. Betri ya maana huna, mpira wa maji huna, bomba la kumwagia maji taka huna, kifungio cha kukokotea huna. Duka likanipigia hesabu ya vifaa peke yake ikakaribia dola 3,000, nikawaambia nitarudi. Usiku huohuo nikaangukia tangazo: seti kamili kwa karavani mpya, vyote vipya, mwenye mali anahamia jimbo jingine. Picha imepigwa gereji, vitu vimepangwa juu ya zulia jekundu, pembeni kuna ndoo ya bluu yenye mpini uliofungwa kamba. Ikumbukeni hiyo ndoo.

Nikapiga simu kwa Kiingereza. Aliposikia lafudhi yangu akageuza lugha palepale. "Kaka, kumbe wa nyumbani!" Simu ilikuwa spika, mke wangu akasalimia, na jamaa aliposikia mama ni wa Tanga akashangilia: naye kakulia Tanga, Ngamiani kabisa. Kuanzia hapo nikawa shemeji. Mke wangu akamuuliza, Ngamiani barabara ya ngapi? Akajibu, "Pale karibu na soko." Sasa, barabara za Ngamiani zina namba, na mtu wa kule ukimuuliza anakutajia namba hujamaliza swali. Mke wangu alinitazama. Mimi nikatazama bei.

Tulikutana Jumapili jioni kwenye maegesho ya duka kubwa. Hapa lazima nimpe haki yake, kazi yake anaijua. Alishaniuliza kwenye simu nafanya kazi gani, nikamwambia lori, huu mwaka wa tisa. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichoshusha ni kifungio, kile chenye vyuma viwili vya kusawazisha uzito ili gari lisichuchumae nyuma. Nikakikagua kama ninavyokagua lori asubuhi. Gololi, ile inayoshika pua ya karavani, ni ya inchi 2 na 5/16, sawasawa na karavani yangu, na uwezo wake umegongwa juu ya chuma chenyewe. Vyuma vinabeba pauni 1,000, na pua ya karavani yangu, ukiihesabu kwa asilimia 12 ya uzito wote, inadondosha kama 840 kwenye gari. Hakina ufa, hakina kutu. Jamaa kakaa pembeni kimya, ananiacha nijidai na utaalamu wangu. Nilipomaliza nikawa nimeshaviamini na vingine vyote bila kuvigusa.

Kifungio ndicho kitu pekee cha kweli nilichonunua siku ile.

Betri zilikuwa mbili, zimeandikwa lithiamu, ampia-saa 100 kila moja, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Nilizichomeka mita, zikasoma volti 13.2, nikatikisa kichwa kama fundi. Volti haikwambii kitu, ndugu zangu. Betri ndogo na betri kubwa za aina moja zikiwa zimejaa zinasoma namba ileile, kama vile ndoo na kikombe vyote vinaweza kuwa vimejaa. Kinachosema ukweli ni uzito na mzigo. Betri halali ya lithiamu ya ampia-saa 100 huwa na pauni 22 hadi 30 hivi. Hizi nilizibeba moja kila mkono, nikasema moyoni kweli lithiamu nyepesi. Baadaye nilizipandisha kwenye mizani ya bafuni: pauni 9 na kidogo kila moja.

Nikalipa kwa Zelle, ile ya kutuma pesa papo hapo benki kwa benki. Akaunti ilikuwa na jina la mwanamke. "Ni ya dada yako, shemeji, ya kwangu ina matengenezo." Nikatuma.

Mwezi wa saba tukaenda Ziwa Texoma, makusudi karibu na nyumbani, maana karavani mpya safari ya kwanza huwa ni ya kutafuta makosa. Tuliyapata. Joto la siku ile lilifika nyuzi 100 za kwao, 38 za kwetu, kambi imejaa, kila mtu kawasha kiyoyozi. Chetu kikaanza kuguna. Kile kifaa cha kulinda umeme nilichouziwa, cha ampia 30, kinawaka taa ya kijani kama mti wa Krismasi. Mzee mmoja jirani akaja na mita yake mkononi, akaisoma soketi yetu: volti 101. Hapa umeme wa kawaida ni 120. Akaniambia kifaa chake kimekata dakika kumi zilizopita, na kama nataka kuhifadhi kompresa yangu nichomoe.

Nyie wote mnaijua friji gadi ya nyumbani, ile inayokata umeme ukiwa mdogo. Umeme mdogo unaua kompresa, hilo halihitaji digrii. Sasa kwenye karavani kuna vifaa vya namna mbili na vinafanana kwa sura. Kimoja kinazuia mshtuko wa ghafla tu, kama wa radi, basi. Kingine ndicho friji gadi hasa: kinakata volti zikishuka chini ya 104 hivi au zikipanda kupita 132, na kinagundua kama waya wa nyutro umekatika. Hiki cha pili ndicho cha kununua, kwa sababu kuna mafundi umeme huku huiona soketi ya ampia 30 ya karavani wakadhani ni ya mashine ya kukaushia nguo, wakaipa volti 240. Cha kwangu hakikuwa hata cha aina ya kwanza. Ndani kulikuwa na waya umepita moja kwa moja na taa mbili. Nembo ya UL, wale wanaopima usalama wa vifaa vya umeme, iliyochapwa juu ilikuwa na herufi zilizopinda, na namba iliyo chini yake nilipoitafuta kwenye orodha ya UL haikuwepo. Kuitafuta kulinichukua dakika tatu, nikiwa nimeshalizwa.

Saa tatu usiku tukachomoa umeme wa kambi, tukabaki na betri. Friji na feni mbili za dari, kwa pamoja hazifiki ampia 10. Betri za kweli za ampia-saa 200 zingetufikisha jioni ya kesho yake. Saa saba usiku feni zikazima. Ukimya ule ndio ulioniamsha. Nikakaa ngazini hadi alfajiri nampepea mtoto wa mwisho kwa kifuniko cha boksi, na kuku wote mke wangu aliowakoleza ndimu na tangawizi tangu Ijumaa wakaenda jalalani.

Tuliporudi nilifungua betri moja kwa hasira. Msifanye hivyo, ni hatari. Nusu ya boksi ilikuwa seli ndogondogo za duara zimefungwa na gundi, nusu nyingine ni povu jeupe, lile linalokuja na televisheni mpya.

Tairi la akiba ndilo lililoniumiza kuliko vyote, na mtanicheka. Aliniletea likiwa limevishwa kava jipya zuri. Mimi, ambaye kila asubuhi napiga tochi kwenye matairi 18, sikuinua kava. Namba kamili ya DOT, ile inayoonyesha tairi limetengenezwa lini, huwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo ulikuwa umegeuziwa ndani. Tarakimu nne za mwisho: 2216. Wiki ya 22, mwaka 2016. Mpira una nyufa kama kisigino cha kiangazi. Tairi la trela linakufa kwa umri kabla kashata hazijaisha, kwa hiyo kashata nene zisikudanganye. Mpira wa maji mweupe nao ni wa kumwagilia bustani tu, maji yalinuka kama ndala mpya.

Nilimtumia picha zote. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, ya upole kabisa: "Shemeji, si ulivikagua mwenyewe?" Kisha akanifungia. Benki wanasema nilituma kwa hiari yangu, hawarudishi. Ningelipa kwa kadi ya mkopo ningeweza kupinga malipo, sheria inakupa siku 60 tangu taarifa ya kwanza ya kadi inayoonyesha malipo hayo, lakini Zelle ni kama umempa mtu noti mkononi. Nimeripoti polisi, nimejaza fomu ya FTC, wakala wa serikali wa kulinda wanunuzi, kwenye ReportFraud.ftc.gov, na ya IC3, kitengo cha FBI cha malalamiko ya utapeli wa mtandaoni. Kama naye kakuuzia, ripoti hata kama ni dola mia. Malalamiko mengi kwenye akaunti moja ya benki ndiyo yanayoonekana.

Ukiona betri kwa mtu binafsi, nenda na mizani ya mkono na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Iwekee taa ya wati 100. Betri ya kweli ina kama wati-saa 1,280, taa hiyo ingewaka zaidi ya saa 11, wewe mwombe mbili tu. Muuzaji mwenye haraka asiyeweza kukuvumilia saa mbili, mwache aende. Tairi livueni kava, ligeuzeni pande zote mbili.

Tangazo limerudi juzi. Bei imeshuka hadi 990, jina jipya, zulia sasa ni la kijivu. Ndoo ni ileile ya bluu, na kamba kwenye mpini. Akianza kukuita shemeji, muulize barabara ya ngapi.