Kipimajoto cha dijitali cha umbo la kalamu: mlio wake usikuharakishe

Kwa anayetaka kujua joto la kawaida la mwili wake, hiki kipimajoto cha kalamu kinachouzwa maduka ya dawa kinatosha kabisa. Kilichotengenezwa vizuri hakikosei zaidi ya nyuzi 0.1, na watu wenye afya hutofautiana zaidi ya hapo: mmoja huamka na 36.2, mwingine na 36.8, na wote wazima. Ile 37 inayokaririwa kila mahali ilienezwa na daktari Carl Wunderlich wa Leipzig mwaka 1868. Utafiti wa Marekani wa 1992, uliopima mdomoni watu wazima 148 wenye afya, ulipata wastani wa 36.8.

Kasoro yake ni mlio. Hulia namba ikiacha kupanda haraka, na kwapani ngozi inakuwa bado haijapata joto, kwa hiyo unasoma namba ya chini. Futa jasho, bana kwapa dakika tano kabla ya kukiingiza, kisha weka ncha katikati kabisa ya kwapa, mkono ukiwa umeshikana na kifua. Chini ya ulimi ni rahisi zaidi, ila subiri nusu saa baada ya chai au maji baridi, na funga mdomo.

Pima siku saba ukiwa mzima, mahali pale pale: asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na saa kumi na moja jioni, ukiandika kila namba kwenye daftari. Usishtuke jioni ikizidi kwa nyuzi 0.5, ndivyo mwili unavyokwenda. Mwanamke aandike pia siku ya mzunguko, maana baada ya yai kupevuka joto hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5. Wazee huwa chini, na hapa ndipo daftari lina thamani kubwa: mzee wa 36.1 akifika 37.3 anastahili kuangaliwa na daktari, ingawa kwa kijana namba hiyo ni ya jioni tu.

Betri ni ya kitufe, mara nyingi LR41. Maandishi yakififia, badilisha. Safisha ncha kwa spiriti, si maji ya moto.

Kile cha kuelekezea kwenye paji la uso hatukipendekezi kwa kazi hii. Jasho, jua na feni vyote huvuruga namba yake.