Kafka kwa kupitisha data kati ya programu: uzoefu wangu

Natumia Apache Kafka, mfumo wa kupokea na kusambaza jumbe, kuunganisha programu za oda, malipo na stoo, kila moja ikiwa kwenye seva yake. Zamani zote zilichangia hifadhidata moja, na ukigusa jedwali upande huu, upande wa pili unalala.

Kilichonivuta ni kwamba ujumbe ukisomwa haufutwi. Kwenye foleni za kawaida za RabbitMQ, mfumo mwingine wa kupitisha jumbe, mpokeaji akithibitisha kupokea, ujumbe umeondoka. Kafka ni daftari: kila ujumbe unaandikwa chini ya uliotangulia na kupewa namba, na kila kundi la wasomaji (programu zinazosoma jumbe) lina alama yake ya lilipoishia. Usipogusa mipangilio, ujumbe unakaa siku 7. Kwa hiyo programu ya ripoti ikikutwa na hitilafu, unairekebisha, unairudisha alama nyuma, inasoma upya. Programu ya malipo wala haina habari. Kwa hilo tu naipa nyota nne.

Ya tano naizuia kwa sababu ya mfuatano. Mada moja, yaani daftari la jumbe za aina moja, hugawanywa vipande, na mfuatano unalindwa ndani ya kipande tu. "Oda imefunguliwa" ikiangukia kipande kimoja na "oda imefutwa" kingine, stoo inaweza kusikia kufutwa kwa oda ambayo haijaijua. Dawa ni kuifanya namba ya oda iwe ufunguo, maana jumbe zenye ufunguo mmoja huenda kipande kimoja. Ila ukiongeza vipande baadaye, hesabu ya ufunguo upi uende kipande kipi inabadilika, na jumbe mpya za oda ileile zinaweza kuhamia kwingine. Idadi ya vipande ipigie hesabu mapema, tena kwa ukarimu.

Jambo lingine: msomaji akizimika baada ya kumaliza kazi lakini kabla ya kuhifadhi alama, akiamka atasoma ujumbe uleule. Programu ya malipo lazima ikumbuke namba za miamala iliyokwisha kuifanya, la sivyo mteja anakatwa mara mbili.

Kusimika kumekuwa nafuu tangu toleo 4.0 la mwaka 2025 liachane na ZooKeeper, programu ya pembeni ya kuratibu seva za Kafka (sitaikumbuka kwa mema).

Kama una programu mbili tu zinazoulizana na kujibiwa papo hapo, usijitwishe Kafka, gRPC, njia ya programu moja kuiita nyingine moja kwa moja, inatosha. Na picha au faili kubwa usizipitishe humu: kikomo cha kawaida ni kama MB 1. Zihifadhi kwingine, kwenye ujumbe utume anwani yake.